Nywele za Mtoto wa Watu

Farasi alifika. Mtoto hakufika.

Hapo ndipo niliponyamaza wiki iliyopita, na najua mlinisema. Mama mmoja wa kanisani alinishika mkono sokoni, "Bibi Norjmaa, ndiyo nini kutuacha na farasi mtupu?" Nikamwambia, mwanangu, na mimi niliachwa hivyo hivyo.

Kwa aliyeingia leo, nitasema kwa kifupi. Mimi ni mlezi. Mchungaji Pyo na mkewe walitoka Korea wakaja kwetu Mongolia kuhubiri Injili, na mwana wao wa pekee, Sion, alizaliwa hapa hapa mjini kwetu. Mama yake alinipa mbeleko ya kwao, mtoto akakulia mgongoni kwangu.

Alipotimiza miaka mitatu Mama Mchungaji aliniambia, mpeleke Sion kwa kinyozi. Sasa kwetu nywele za kwanza za mtoto hazipelekwi kwa kinyozi. Zinakatwa na ndugu, kila mtu kishungi chake, kwa mkasi uliofungwa hariri ya buluu, na kila anayekata anampa mtoto zawadi na kumtakia maisha. Sikuweza kuziona nywele zile zinafagiliwa pamoja na za watu wasiojuana. Nikampeleka nyikani kwa mdogo wangu Gombo, mfugaji, tukazikata sisi. Mama yake nikamwambia kinyozi ana mkono mzuri.

Zawadi ya Gombo siku ile ilikuwa mtoto wa farasi. Sisi farasi hatuwapi majina ya watu, tunawaita kwa rangi, kwa hiyo huyu ni Mwekundu. Farasi akakua, mtoto akakua.

Na mwezi wa saba huu wazazi wakaenda Korea kwenye mikutano ya kanisa lao, wakaniachia Sion na neno moja tu: msitoke mjini. Nikatoka naye. Nikampandisha Mwekundu kwenye mashindano ya wilaya, mtoto wa watu, kwa sababu alinililia, na mimi kilio chake sijawahi kukiweza.

Sasa tuendelee.

Mwekundu aliupita mstari akiwa wa tatu, hatamu zinaburuzika, mgongo wazi.

Watu walimvamia. Jasho la farasi aliyeshinda lina baraka, kila mtu anataka apanguse kidogo ajipake kwenye paji la uso. Gombo alikuwa katikati yao anacheka na kulia kwa pamoja.

"Gombo! Mtoto yuko wapi?"

"Dada, wa tatu! Wa tatu wilaya nzima!"

"Nakuuliza mtoto yuko wapi!"

Mkono wake ulikuwa bado shingoni kwa farasi. Nikaiona furaha inamtoka usoni kidogo kidogo, kama maji yanavyotoka kwenye gunia.

Nyuma yetu mzee mmoja akapaza sauti, "Jamani, farasi kaokoka, mpandaji bado yuko duniani!" Watu wakacheka. Hakuwa na ubaya, hakujua.

Gombo aliwasha pikipiki, nikakaa nyuma yake, tukarudi kwa njia ile ile waliyokuja nayo farasi. Vumbi lilikuwa halijatua.

Njiani niliomba. Nitawaambia nilivyoomba, maana katika haya yote hiyo ndiyo aibu yangu kubwa. Sikusema, Bwana, awe mzima. Nilisema, Bwana, mama yake asijue. Ndipo baadaye, tukishavuka kijito, nikakumbuka kuomba awe mzima.

Tulimkuta amekaa kwenye majani, mkono wa kushoto ameupakata kama mwanakondoo. Uso mweupe. Halii.

"Kakanyaga shimo la panya," alisema. "Si kosa lake. Wa ngapi?"

"Wa tatu," Gombo akajibu.

"Bila mimi?"

"Bila wewe."

"Kumbe mimi nilikuwa mzigo tu!" Akacheka, halafu kicheko kikampasua mkono, akauma mdomo.

Nilipiga magoti, nikamshika kichwa, nikamtazama macho, masikio, meno. Mkono ulikuwa umepinda pale mkono usipopinda. Hapo machozi yakanishinda.

"Bibi, usilie. Nitamwambia mama niliteleza kwenye ngazi za nyumbani."

Nikaacha kulia papo hapo.

"Nani kakufundisha kusema hivyo?"

Akanitazama kwa mshangao, kama nimemuuliza nani kamfundisha kula.

"Si wewe? Juzi mama alipopiga ulimwambia tuko nyumbani tunakunja nguo. Ukanikonyeza."

Nilimkonyeza. Kweli. Nilimkonyeza mtoto wa mchungaji ili tumdanganye mamaye, na yeye akalielewa lile jicho kuliko mahubiri yote ya baba yake.

Gombo akasafisha koo. "Twendeni zahanati. Mkorea wangu, unaweza kukaa kwenye pikipiki?"

"Nimekaa kwenye Mwekundu, nitashindwa na pikipiki?"

Zahanatini kulikuwa na nesi kijana, mwenye haraka.

"Mtoto wa nani?"

"Wangu."

"Jina?"

"Pyo Sion."

"Pyo ndiyo nini?"

"Jina la ukoo wao."

"Wao kina nani? Si umesema wako?"

Sion, na maumivu yake yote, akacheka. "Mimi ni wa Bibi," akamwambia nesi kwa Kimongolia chake kile cha nyikani. "Ila nina wazazi pia."

Nesi akamtazama, akanitazama, akaandika anachojua yeye. Wakamnyoosha mfupa. Alinishika kidole gumba nikadhani kitang'oka. Wakamfunga plasta kuanzia kiganjani mpaka juu ya kiwiko.

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la nje, tunamngoja Gombo alete maji, simu yangu ikalia. Mama Mchungaji.

"Nipe," Sion akaninong'oneza. "Wewe leo sauti yako imelia."

Na mimi nikampa. Sikiliza vizuri, msomaji. Hakuninyang'anya. Nikampa.

Alizungumza Kikorea, na Kikorea cha nyumbani nakijua, nimekisikia miaka mingi jikoni.

"Mama! Mzima. Bibi mzima. Tuko nyumbani." Akanitazama, akanikonyeza. "Bibi anapika. Tambi. Ndiyo, nimesali. Ndiyo, nimesoma. Nje? Hapana, hatujatoka, kuna jua kali."

Halafu akasikiliza. Simu ilikuwa na sauti kubwa, nikasikia nami.

"Sion," mama yake alisema polepole. "Mimi niko jikoni. Jiko ni baridi."

Njia ya mwongo ni fupi. Yetu sisi iliishia jikoni kwa Mama Mchungaji.

Mtoto alinitazama, simu iko sikioni, midomo imeachana. Alikuwa anangoja nimwambie tunasemaje sasa.

"Mpe Bibi simu."

Nikaipokea.

"Mtoto yuko hai?"

"Yuko hai, Mama Mchungaji. Mkono tu. Alianguka—"

"Uko kwa mdogo wako?"

"Ndiyo."

"Tunakuja."

Simu ikakatika. Hakunitukana. Afadhali angenitukana, tusi lina mwisho wake.

"Kakasirika?" Sion akauliza.

"Hajakasirika," nikasema. Mnaona? Hata hapo.

Nitawaambia nilichokuwa naogopa, mkijue vizuri. Sikuogopa kufukuzwa kazi. Nilishazeeka, kazi ni kazi tu. Niliogopa kunyang'anywa Sion. Tangu siku ya kinyozi nilikuwa nalala na hofu hiyo na kuamka nayo: siku watakayojua, watamchukua mtoto wao waende naye kwao. Kila uongo niliousema, niliusema ili nisimpoteze.

Kesho yake Gombo akachinja kondoo.

"Hawa hawaji kula," nikamwambia.

"Dada, mtu aliyeshika mfupa hawezi kukunja ngumi."

Gari lilitokea kwenye kilima jua likiwa kichwani. Mchungaji Pyo alishuka wa kwanza. Ni mtu wa maneno mengi madhabahuni na machache akishateremka. Alimpigia mwanawe magoti kwenye majani, akamkumbatia upande usio na plasta, akabaki hivyo hivyo.

Mama Mchungaji alinipita. Hakunisukuma, hakunitazama, alinipita tu kama mtu anavyopita kigingi cha hema. Akaushika mkono wa mwanawe, akambonyeza vidole, kimoja baada ya kingine, aone kama vina uhai. Halafu akainamisha pua kwenye kichwa chake.

"Unanuka farasi."

"Ni farasi wangu, mama! Yule pale. Wa tatu wilaya nzima, bila mimi!"

"Wako? Wako tangu lini?"

Na hapo mdogo wangu Gombo, sinia la nyama mkononi, akajitokeza kwa furaha yake yote.

"Tangu siku ya nywele zake! Kishungi cha kwanza nilikata mimi, Mama Mchungaji. Alivyotulia! Hakulia hata kidogo. Nikasema, huyu huyu, mtoto wa farasi ni wake."

Nilimkodolea macho mpaka yakaniuma. Gombo hajawahi kusoma jicho la mtu, anasoma la farasi tu.

"Karibuni nyama," akamalizia.

"Nywele gani?" Mchungaji akauliza, kwa Kimongolia chake cha kupapasa.

Mkewe hakuuliza. Alikuwa amekwisha geuka, ananitazama kwa mara ya kwanza tangu ashuke garini.

"Kinyozi," akasema. "Ulisema kinyozi ana mkono mzuri. Ulisema alimpa Sion peremende."

Peremende! Nilikuwa nimeisahau kabisa ile peremende. Mwongo husahau. Aliyedanganywa hasahau.

"Mama Mchungaji, nisamehe."

"Mlimsujudia nani siku ile?" Mchungaji akauliza. Hakuuliza kwa ukali, aliuliza kama mtu anayeogopa jibu.

"Hatukumsujudia yeyote, Mchungaji. Tulimwonjesha maziwa, tukakata, tukamtakia maisha marefu. Na mimi niliomba kwa jina la Yesu, kimoyomoyo."

"Kwa nini kimoyomoyo?"

Mtu huyu alinibatiza kwa mikono yake, kwenye mto ulio na barafu pembeni. Alikuwa anauliza kweli, anataka kujua. Nikamtazama, nikatazama chini.

"Ziko wapi?" Mama Mchungaji akasema.

"Nini?"

"Nywele za mwanangu."

Niliingia naye hemani. Gombo ana sanduku jekundu, la marehemu mama yetu, lililo upande wa heshima. Nikalifungua, nikatoa chini ya nguo za baridi kile kifurushi cha hariri ya buluu, nikampa kwa mikono miwili.

Alikaa chini kwenye zulia, akakifungua mapajani. Nywele za mtoto wa miaka mitatu, nyeusi, laini, zimejikunja kama zilivyokatwa. Hakuzigusa kwanza. Halafu akazigusa.

Nilingoja aseme habari za mizimu na mila. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hayo.

"Niliuliza," akasema.

"Mama Mchungaji?"

"Siku ile. Nilirudi jioni, nikamwona amenyolewa, nikakuuliza, nywele ziko wapi, nilitaka kishungi kimoja nikiweke. Ukaniambia kinyozi kafagia."

Nikakumbuka. Mungu wangu, nikakumbuka. Alikuwa amesimama mlangoni, viatu mkononi, ananiuliza, na mimi nikajibu upesi upesi, nikaendelea kumenya viazi.

"Usiku ule nililia," akasema. "Mume wangu akaniambia, nywele zitaota tena. Kumbe zilikuwa sandukuni kwenu."

Miaka yote nilidhani kosa langu ni kwamba nilimfanyia mtoto mila yetu. Kumbe kosa lilikuwa hili. Nilikuwa nimemwibia mama kitu pekee cha utoto wa mwanawe alichoomba, nikakificha, na bado jioni nilikuwa nakaa naye kwenye Biblia na kusema amina.

"Nipige, mwanangu," nikamwambia. "Nifukuze. Ila usimchukue Sion kwa ajili yangu. Yeye hana kosa."

Akanyanyua uso. Macho yake yalikuwa yamechoka, hayana hasira hata chembe, na hilo ndilo lililonitisha.

"Nilikuwa nimeshamchukua kabla hujampandisha farasi."

"Sijaelewa."

"Kwa nini unadhani tumerudi mapema? Tulikuja kukwambia. Mwezi ujao tunarudi Korea. Moja kwa moja. Tumeshakubaliana huko kwenye mikutano."

Nikashika nguzo ya hema.

"Si kwa sababu ya farasi?"

"Habari za kuanguka nimezisikia jana. Za farasi na za nywele nimezisikia leo." Akaanza kukunja hariri, pole pole, kona kwa kona. "Unakumbuka majira ya baridi tulipompeleka Seoul akapatwa na homa? Nilikesha naye. Alfajiri akafumbua macho, akanitazama vizuri, akasema, niitie Bibi. Kwa lugha yako, si yangu. Nikamwambia, mwanangu, mama nipo. Akasema, najua. Niitie Bibi."

"Sion anamwamkia bibi yake mzaa baba kama mgeni aliyekuja kuuza kitu. Ana miaka saba, hawezi kusoma hata jina lake kwa maandishi ya babu zake. Tulikuja huku kuwatafuta watoto wa watu kwa ajili ya Mungu, na wetu akapotea jikoni, tukiwa naye."

"Hakupotea, Mama Mchungaji. Nilikuwa naye."

"Ndiyo," akasema. "Ulikuwa naye."

Nje nilimsikia Gombo anamwambia Mchungaji, "Huu mfupa kwa heshima yako, usipoutafuna watoto wangu watakuwa wabaya wa sura," na Mchungaji anacheka asichokielewa.

"Nakuomba kitu," Mama Mchungaji akasema.

"Chochote."

"Usiseme chochote kabla hujasikia. Hatapanda ndege. Unakumbuka safari ile ya Seoul, alivyong'ang'ania mlango wa nyumba mpaka baba yake akambandua vidole? Na hapo alikuwa anakwenda kurudi. Akijua harudi, na akijua wewe unamngoja, tutamvunja mkono wa pili."

"Nifanyeje?"

"Mwambie umechoka. Mwambie umechoka kumlea, unataka kupumzika. Akidhani wewe humtaki, atakwenda."

Nilimkazia macho nikidhani Kimongolia kimemponyoka.

"Mama Mchungaji, huo ni uongo."

"Ndiyo." Akainuka, kifurushi kifuani. "Na kazi hiyo unaijua kuliko mimi."

Mtaniuliza, Bibi, ulikataa? Sikukataa. Nilidhani hiyo ndiyo toba yangu. Nilimnyima nywele, nisimnyime mtoto. Nikafunga sanduku, nikajipangusa uso kwa ncha ya mkono wa vazi, nikatoka.

Sion alikuwa zizini anamlisha Mwekundu mkate kwa mkono mzima. Mama yake alinifuata, akasimama mlangoni mwa hema, hatua chache nyuma yangu.

"Bibi!" Uso wake ulikuwa unang'aa. "Baba kaniambia! Wanarudi Korea."

"Mnarudi, Sion. Nyote."

"Hapana, sikiliza, mimi nimeshapanga." Alishusha sauti, kama mtu mzima anayezungumza biashara. "Wao watangulie. Mimi nibaki na wewe. Watakuja sikukuu, na mimi nitawapigia simu. Sitadanganya tena. Si wao walimwacha bibi wa Korea wakaja huku? Na yeye ni mama yake baba kabisa. Hakuna aliyemkasirikia. Kanisani waliwapigia makofi."

Sikumtazama mama yake. Sikuthubutu.

"Sion. Mimi nimechoka."

"Kalale kidogo. Hukulala jana, nilikuona."

"Nimechoka kukulea. Nimezeeka. Nataka kupumzika. Wewe nenda na wazazi wako."

Mwekundu alikuwa anamalizia mkate. Alisikika anavyotafuna.

Mtoto hakulia. Hakurudi nyuma. Alinyanyua uso, akaniangalia jichoni, jicho hili la kulia, akatulia. Sikumwelewa. Halafu akainamisha kichwa kidogo, kwa subira, kama mwanafunzi anayemsaidia mwalimu aliyesahau.

"Bibi," akanong'ona, "mbona hukonyezi?"

Alikuwa anangoja alama. Alikuwa na hakika kuwa huu nao ni mchezo wetu, wa mimi na yeye dhidi ya mama yake, kama ule wa nguo na ule wa tambi. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba Bibi akisema uongo, humwambia kwa jicho.

Nikalikaza jicho. Nililikaza likawaka moto.

Akangoja. Akangoja. Nikaona imani inamtoka usoni, na mara hii haikutoka kidogo kidogo.

"Basi nipe nywele zangu," akasema.

"Sion..."

"Nipe. Babu Gombo alisema zinakaa kwa mtu anayekutaka. Kama hunitaki, nipe, nitabeba mwenyewe."

Akanyoosha ule mkono mzima, bado una makombo ya mkate. Nami sikuwa na cha kuweka ndani yake. Nikageuka.

Mama Mchungaji alikuwa amesimama pale pale, mikono nyuma. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hayapangusi. Lakini hariri ni kitu chepesi, na upepo wa nyikani hauna adabu. Ncha ya buluu ilitokeza kiunoni mwake, ikapepea.

Sion akaiona.

Alimwendea. Alimzunguka mama yake mpaka nyuma, akakishika kile kifurushi, akavuta. Mama yake hakuachia. Akavuta tena.

"Mama, ni zangu."

"Najua ni zako."

"Mbona unazo wewe?"

"Kwa sababu..." akasema, akashindwa kumaliza, vidole vikazidi kukaza.

Wakabaki wanavutana, mama na mwana, nywele za mtoto mmoja katikati yao. Na Sion, huku anavuta, alinigeukia mara ya mwisho, akalitafuta jicho langu.

Nilikuwa nimelikodoa. Nilijua nikilifumba mara moja tu, hata kwa bahati mbaya, mtoto huyu hatapanda ndege kamwe, na mama huyu atakuwa ameibiwa mara ya pili. Na nilijua nisipolifumba, ataondoka akiamini kwamba Bibi hakumtaka, na atakua nalo hilo.

Ndipo Mwekundu alipopiga kwato, na upepo ukageuka, ukaniletea vumbi lote la zizi usoni.